Hita ya bwawa inakohoa tu, wauzaji wanasema waranti imekufa. Nifungue au nisifungue?

Meneja_Fort

Habari zenu wakubwa, naomba msaada na mnisamehe itakuwa ndefu. Nasimamia loji ndogo huku Fort Portal, Uganda, vyumba 9, bosi mwenyewe anaishi Uingereza. Tuko na bwawa la kuogelea, si kubwa, meta 8 kwa 4, kina kama meta moja na nusu kasoro kidogo. Sasa nyie mnajua baridi ya huku, asubuhi ukitia mguu kwenye maji unasikia mpaka kwenye meno. Wageni wanarudi kutoka kuangalia sokwe Kibale wako na matope mpaka magotini, wanavaa nguo za kuogelea, wanakuja wanatia kidole kimoja, wanarudi chumbani. Bosi akachoka kusoma malalamiko akanunua hita, ile aina ya hit pampu inayofanana na boksi la nje la AC, kilowati 13, kwa kampuni moja ya Kampala (sitaitaja). Shilingi 9,200,000 pamoja na kuja kufunga. Waranti miaka miwili.

Miezi minane imefanya kazi bila neno, maji digrii 27, 28. Wiki tatu zilizopita mvua zilipokolea ndio ikaanza vituko. Feni inazunguka, halafu unasikia mmmmm kama mtu anayetaka kupiga chafya ikakataa kutoka, halafu TAK, imezima. Dakika chache inajaribu tena. Kuna siku inakubali inaenda hata saa nzima, kuna siku inakohoa tu kutwa.

Nikawapigia. Kijana wa kwanza akasema tuma video, nikatuma, kimya siku nne. Nikapiga tena wakaniunganisha na mkubwa wa mafundi, huyo hata hakuniuliza swali moja, ati madam huo ni umeme wenu wa huko, unapanda na kushuka, umeua kompresa (ile injini ya ndani ya mashine), na waranti haihusu umeme. Kama nataka waje kuangalia ni 1,200,000 ya usafiri na kazi, kompresa tutaongea bei baadaye. Nikamuuliza umejuaje ni kompresa na hujaiona? Akasema ni uzoefu.

Bosi anasema niachane nao, nitafute fundi yeyote atengeneze, kwa sababu wiki ijayo Ijumaa tunapokea kundi la watu 14 na wamelipa tayari. Kuna fundi friji hapa mjini ameiangalia kwa nje tu, yuko tayari kufungua kesho asubuhi kwa laki mbili. Na chini ya mashine kuna maji yanadondoka, naogopa imetoboka pia. Nifanyeje jamani?

---

FundiBaridi_Jinja

USIFUNGUE. Dada mpigie huyo fundi sasa hivi mwambie kesho asije, au aje na mita yake tu bila bisibisi. Mimi nafanya mambo ya friji na AC miaka mingi na nakwambia, siku screw ya kwanza ya hiyo mashine itakapotoka kwa mkono wa mtu asiye wa kwao, umewapa zawadi. Hawatakuwa na haja ya kusema umeme tena, watasema tu fundi wenu ameharibu, na hutakuwa na la kujibu.

Maji ya chini kwanza tuyatoe kwenye hesabu. Hiyo mashine inavuta joto kutoka kwa hewa, hewa ikipoa inatoa jasho, sawasawa na chupa ya soda uliyoitoa kwenye friji ukaiweka mezani. Jasho linaweza kuwa jingi mpaka mtu aape bomba limepasuka. Jaribu hivi: zima hita, acha pampu ya maji ya bwawa iendelee. Ukirudi baada ya saa moja hivi ukute pamekauka, hilo lilikuwa jasho. Kama bado inadondoka na hita imezima, hayo ni maji ya bwawa. Au chukua vile vikaratasi vya kupima klorini uchovye kwenye hayo matone, jasho halina klorini.

Pili, filta. Umeiosha lini? Kama imejaa uchafu au kikapu kimejaa majani maji yanapita kidogo, na ndani kuna swichi inayohisi kama maji yanapita, ikiona hayatoshi inakatalia kila kitu. Lakini sidhani ni hiyo, kwa sababu wewe unasema mmmm. Mashine iliyokosa maji haijaribu hata kuwasha kompresa, inaandika namba yake ya hitilafu inakaa kimya. Yako INAJARIBU inashindwa. Hapo mimi naangalia mambo matatu tu, kapasita (kidude kinachoisukuma kompresa ianze kuzunguka), kompresa yenyewe, au umeme unaofika pale.

UNAOFIKA PALE. Si umeme wa Fort Portal, umeme wa pale mashine ilipo. Ukutani karibu na hita lazima kuna aisoleta, ile swichi kubwa ya kuzimia. Hiyo si sehemu ya mashine, kuipima si kuifungua mashine. Tafuta mtu wa umeme mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya umeme, sio wewe na sio askari wa geti, kuna maji pale mtu atakufa. Apime volti hapo mara mbili, mashine ikiwa imezima, halafu ile sekunde inaposema mmmm. Halafu afanye vilevile kwenye bodi kubwa ndani ya nyumba. Aandike namba zote na saa. Piga video ya mita ikionyesha. Ukimaliza rudi hapa.

---

Kijana_wa_Bundi

Hita ya milioni tisa na mko Fort Portal? Wapeleke wageni Sempaya kwa chemchemi, maji yanachemsha mayai bure na hayajawahi kuomba waranti 😂😂

---

MzeeKabale

Huyo kijana wa Bundibugyo anacheka lakini sisi wa Kabale hatucheki, huku bwawa bila hita ni pambo la kuangalia tu.

Binti yangu, nikupe yangu ili usipite nilipopita. Mimi nilikuwa na hita ya gesi, ya ndani ina mabomba ya shaba. Mwaka wa pili ikatoboka. Nikawaita kwa kifua, waranti ipo, risiti ipo, kila kitu kipo. Wakaja wakafungua mbele yangu, fundi wao akapitisha kidole ndani ya bomba akanionyesha: kijani. Kidole chote kijani kama cha mtoto aliyeshika rangi ya shule. Akauliza swali moja tu, vidonge vya klorini mnaweka wapi? Nikamwambia kwenye kikapu cha kuingizia maji kama kila mtu. Basi ndio ikawa mwisho wa maongezi. Vile vidonge ni asidi, pampu ikilala usiku vinaendelea kuyeyuka pale kwenye kikapu, asubuhi pampu ikiamka yale maji makali yanaenda moja kwa moja kwenye hita. Kila siku, mwaka na nusu. Mabomba yakaliwa taratibu. Na kwenye kile kitabu cha waranti, ukurasa wa nyuma, maandishi ya sisimizi, ilikuwa imeandikwa wazi kwamba uharibifu wa dawa za maji hauhusiki. Nililipa mwenyewe.

Kwa hiyo kabla hujawapandishia sauti hakikisha upande wako ni msafi. Hit pampu nyingi za siku hizi ndani ni titani, klorini haiisumbui sana, lakini soma kitabu chako. Kama mna kile kichupa cha kulishia klorini kwenye bomba, kinatakiwa kikae BAADA ya hita, maji yakishatoka kwenye hita ndio yapewe dawa. Na pH mnaandika popote? Inatakiwa icheze kati ya 7.2 na 7.6 hapo. Kama mna daftari la kila siku, hilo daftari ni dhahabu. Kama hamna, anza leo, na usije ukaandika tarehe za nyuma, watu wanajua kalamu moja ikiandika miezi minane kwa siku moja.

---

NilikuwaDukani

Mimi si wakili wala si fundi. Nimekaa upande wa pili wa kaunta, miaka sita nikiuza friji na mashine za kufua hapa Kampala, na kazi yangu ilikuwa kupokea watu kama wewe. Niseme ukweli sasa kwa vile nimetoka.

Neno "umeme" lilikuwa jibu la kwanza. Sio kwa sababu ni uongo kila mara, umeme unaua mashine kweli, ila kwa sababu wateja wengi wakilisikia wanaenda zao. Hawana mita, hawana namba, wanalaumu nchi wanarudi nyumbani. Mteja aliyekuwa anatusumbua ni yule anayekuja na karatasi. Akipiga kelele tulikuwa tunamletea soda na kiti. Akileta barua tulikuwa tunaipeleka kwa bosi.

Basi wewe acha simu. Simu haina kumbukumbu. Andika barua ukurasa mmoja, peleka kwa imeili na nakala kwa watsapu, useme tarehe mliyonunua, namba ya mashine ile ya kwenye stika ubavuni, tatizo lilianza lini, mliwaambia lini, wao walijibu nini. Risiti yenu ni ya EFRIS, mfumo wa risiti wa URA watu wa kodi, ile yenye alama ya mraba ya kuskani? Kama ni hiyo hawawezi kusema hawawajui, URA wenyewe wanaiona. Kama walikupa kikaratasi cha kuandika kwa mkono, tafuta ushahidi wa malipo ya benki.

Na hiyo 1,200,000 usiilipe kwanza, wala usikatae. Andika hivi: njooni mkague, ikionekana kosa ni letu tutalipa usafiri wenu, ikionekana kosa ni la mashine au la kazi yenu mtalipa nyinyi. Mtu anayejua ana haki hakatai sentensi hiyo. Anayekataa umeshamjua.

Halafu kitu ambacho wengi hawajui. Wakija kukuambia kiwanda kimekataa, sijui kiwanda kiko China, hiyo si kesi yako. Wewe hukununua kiwandani, ulinunua kwao. Kuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017, hiyo inambana aliyekuuzia kwamba kitu kiwe cha ubora unaokubalika na kifanye kazi iliyonunuliwa kufanya. Na haiishii kwa bidhaa, mtu akikufanyia kazi ya kulipwa anatakiwa aifanye kwa uangalifu na ufundi. Wewe umesema bei ilikuwa "pamoja na kuja kufunga", nimelipenda sana hilo neno, usilipoteze.

Ikifika mbali kuna utaratibu wa madai madogo mahakamani, mwisho wake milioni 10, na wewe 9,200,000 unaingia. Unawapa notisi kwa maandishi siku 14, wasipojibu unajaza fomu, na pale hakuna kuweka wakili, unajieleza mwenyewe. Lakini nakuhakikishia mengi yanaisha kwenye barua. Usiwaandike vibaya fesibuku kabla, hiyo inawapa sababu ya kununa badala ya kutengeneza.

---

Meneja_Fort

Asanteni sana, banange nilikuwa karibu kufanya ujinga. Yule fundi alikuwa ameshafika na bisibisi yake mkononi, nikamwambia sebo ngoja, nikamlipa ya boda akaenda.

Mzee wa Kabale, nimesoma kitabu, ndani ni titani. Vidonge vyetu vinaelea kwenye kile kidude cha plastiki katikati ya bwawa na tunakitoa usiku. Daftari lipo!! kijana wa bwawa anaandika pH kila asubuhi kwa mwandiko mbaya sana lakini anaandika, kuna ukurasa una alama ya chai.

Maji ya chini ni jasho. Nilizima hita nikaacha pampu, baada ya saa moja sakafu ilikuwa kavu. Filta tumeiosha.

Sasa umeme. Nilipata mtu mwenye kibali, kijana mtulivu, amepima mchana saa nane. Mashine ikiwa imezima, kwenye aisoleta ya hita 231. Kwenye bodi kubwa 233. Halafu tukawasha, inaposema mmmm, kwenye aisoleta inaanguka mpaka 178, tak. Kwenye bodi kubwa, sekunde hiyohiyo, msaidizi wake anasoma 227. Amefanya mara tano, namba ni karibu zilezile. Video ninazo. Hizi namba ni mbaya? Yeye alitingisha kichwa akasema "mama, fuata waya".

---

FundiBaridi_Jinja

Namba hizi ni tamu sana dada, nimecheka peke yangu gereji.

Angalia. Kama ni umeme wa nje unashuka, ungeshuka na kwenye bodi. Bodi imekaa 227, haina habari. Volti karibu hamsini zimepotea NJIANI, kati ya bodi na hita. Kompresa ikianza kuzunguka inavuta umeme mara nyingi kuliko ikishazoea, ni sekunde tu, lakini kwenye sekunde hiyo waya ukiwa mwembamba au mrefu au una jointi mbovu, umeme unabanwa kama maji kwenye bomba lililokanyagwa. Kompresa inakosa nguvu ya kuamka, inanguruma, inazima. Ikifanya hivyo kutwa nzima wiki tatu kapasita nayo inachoka.

Maswali: kutoka bodi mpaka hita ni meta ngapi? Waya umeandikwa unene ngapi ubavuni, 2.5, 4, 6 (ni milimita za mraba)? Na swali la pesa nyingi: NANI ALIUVUTA?

---

Kijana_wa_Bundi

sasa mbona ilifanya kazi miezi minane kama waya ni mbovu? nauliza kweli sio utani

---

FundiBaridi_Jinja

Swali zuri. Waya mwembamba peke yake ungeweza kuvumilia, kompresa inaamka kwa shida lakini inaamka. Kitu kimeongezeka juu yake, na amesema ilianza mvua zilipokolea. Mimi nadhani kuna jointi mahali chini ya ardhi imeingia maji. Sijaiona, lakini ningekuwa pale ningechimba.

---

Meneja_Fort

Ni meta 45, tumepima kwa kamba. Waya umeandikwa 2.5. Na aliyeuvuta ni WAO, vijana wawili waliokuja na mashine kutoka Kampala, nakumbuka walimaliza usiku wakitumia tochi ya simu kwa sababu walitaka kurudi na basi la asubuhi.

Tumechimba. Sikugusa kitu, nilimwita yule mwenye kibali tena, tukazima breka kubwa, tukanyanyua matofali ya njia ya kwenda bwawani. Karibu na ua la maua, chini kama shubiri moja tu, jointi. Waya mbili zimesokotwa kwa mkono na kufungwa seloteipu nyeusi ya umeme, bila boksi, bila bomba, udongo juu. Teipu imejaa maji ukiiminya yanatoka, na shaba ndani imekuwa nyeusi upande mmoja na kijani upande mwingine (mzee nimekukumbuka na kidole chako). Upande mweusi plastiki imeyeyuka. Nimepiga picha na rula pembeni na gazeti la siku hiyo, niliona kwenye sinema 😅

Barua imeenda jana jioni. Ukurasa mmoja kama nilivyoelekezwa, namba za volti kwenye mistari minne, picha, na ile sentensi ya usafiri nimeiweka neno kwa neno. Bosi ameisoma akanipigia kuniuliza nani amekuandikia.

---

NilikuwaDukani

Usirudishie matofali mpaka waje. Na usimruhusu mtu mwenye huruma aunge upya "ili wageni waoge". Hiyo jointi ndiyo shahidi wako.

---

MzeeKabale

Na hesabu ya wageni usiisahau binti. Bwawa lako ni kama lita 45,000. Kupandisha digrii moja ni kama uniti 52 (kilowati-saa) za joto, mashine ya kilowati 13 inachukua saa nne kwa digrii kama hakuna kinachopotea, na usiku wa Fort Portal kinapotea. Kama maji yamerudi 20 na unataka 27, ni saa 28 na zaidi bila kupumzika. Hata wakitengeneza Jumatano, Ijumaa ndio unafika. Tafuta turubai hata ya kukodi ufunike maji usiku, joto jingi linaondoka juu na mvuke.

---

Meneja_Fort

Narudi kuwapa habari. Walinyamaza siku moja nzima, ya pili asubuhi akanipigia mtu mwingine kabisa, sauti ya mtu mzima, hakutaja neno umeme hata mara moja. Akaniuliza kama picha hizo nimezituma kwa mtu mwingine. Nikasema bado.

Walifika Jumanne usiku watu watatu, wakalala hapa (chumba nililipisha, bei ya kawaida). Jumatano wamevuta waya mpya wa 6 kwenye bomba la plastiki, bila jointi hata moja, wameweka kapasita mpya na kile kidude cha kulinda volti, wakapima kompresa mbele yangu na mbele ya mtu wangu wa umeme: nzima. Ile kompresa "iliyokufa" iko nzima. Mashine ikiamka sasa mita inashuka mpaka 212 hivi, inarudi. Usafiri hawakutaja. Nimewaomba waandike kwenye karatasi walichofanya na kwamba waranti inaendelea, mkubwa wao akasitasita, nikamletea kalamu.

Fundi wa Jinja, ukipita huku una chumba na chakula. Mzee, turubai nilipata kwa watu wa harusi, Ijumaa jioni maji yalikuwa 26 na hakuna aliyelalamika.

Walipokuwa wanapakia gari kijana mmoja alianza kukunja ule waya wa zamani auweke nyuma. Nikamwambia uache hapo hapo. Uko stoo, meta 45 zote, na jointi yake.

---

Kijana_wa_Bundi

ule waya uuze Katwe kule Kampala, shaba iko na bei

---

Meneja_Fort

Baada ya waranti kuisha 😂